Maalim Seif na karatasi zake

Mei 1989 Seif Sharif Hamad alikamatwa Zanzibar, na shtaka lililomweka ndani muda wote ule lilihusu karatasi. Alidaiwa kukutwa na nyaraka za siri za serikali, serikali ileile ambayo hadi Januari 1988 yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa Waziri Kiongozi wake. Alitoka Novemba 1991. Miaka miwili na nusu ilikuwa imeshakwenda, na huku nje akakuta watu wanazungumza vyama vingi.

Nikimfikiria Maalim narudi sana kwenye shtaka hilo. Sisi tuliomjua akiwa tayari mpinzani tunamkumbuka kwa mikutano: uwanja wa Kibandamaiti, Unguja, umefurika, vumbi, bendera, mmoja anaita "Haki!" na uwanja mzima unajibu "Sawa kwa wote!" Yote hayo ni kweli, ila yanamficha mtu. Ukimtazama vizuri pale jukwaani ulimwona ametulia kuliko wote waliomtangulia kusema, kofia ya kiua kichwani, miwani, karatasi mkononi. Alitoa salamu, akashukuru, halafu akasema leo nina mambo matatu. Na kweli yakawa matatu. Wenziwe walikuwa wameshaupandisha uwanja mori. Yeye aliushusha, akaufundisha, akaurejesha nyumbani kabla ya magharibi. Wapo waliokuwa wakiudhika. Ami yangu, mtu wa Wete aliyehamia Ng'ambo, alikuwa akinambia, "Mwanangu, huyu bwana anatuhutubia kama tumekuja kusomea cheti."

Ualimu wenyewe haukuwa wa kupakazwa. Alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1943 Nyali, Mtambwe, upande wa magharibi wa Pemba, si mbali na Wete. Mtambwe ni pa kale. Mwaka 1984 wachimbuaji waliibua Mtambwe Mkuu sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, za zama ambazo sehemu kubwa ya pwani hii haijaandikwa popote. Na mwaka huohuo mtoto wa Mtambwe akawa Waziri Kiongozi wa Zanzibar. Sadfa tu, lakini sisi Wapemba hatuachi sadfa ipite bure. Alisoma Uondwe na Wete, kisha akavuka kwenda Unguja, King George VI, akamaliza kidato cha sita 1963. Wiki chache baadaye yakaja Mapinduzi. Maofisa wa Kiingereza wakafunga virago, serikali mpya ikabaki na uhaba wa wasomi, na kijana aliyekuwa akiota chuo kikuu akakabidhiwa chaki. Alifundisha shule ya Lumumba, kisha shule ya Fidel Castro huko Pemba, mpaka 1972 alipopata ruhusa ya kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alirudi 1975 na shahada ya siasa na utawala.

Hapa ndipo linapoanza lile fungu la maisha yake ambalo wafuasi wake hulipita haraka na mahasimu wake hawachoki kulitaja. Mwaka 1975 alikwenda kuwa msaidizi wa Rais Aboud Jumbe. Miaka miwili baadaye, hajafika hata miaka 35, alikuwa Waziri wa Elimu, mjumbe wa Baraza la Mapinduzi na mjumbe wa Kamati Kuu ya CCM iliyokuwa ndiyo kwanza imezaliwa. Mwaka 1982 akapewa idara ya uchumi na mipango ya chama. Kwa kijana wa Kipemba hilo si jambo dogo. Kisiwa chetu kilikuwa kimevipa kura kwa wingi vyama vilivyopinduliwa Januari 1964, na deni hilo lilidaiwa muda mrefu, shuleni, makazini, kwenye bei ya karafuu. Mpemba aliyekaa mezani na wakubwa alikuwa ameaminiwa hasa, na huaminiwi hivyo hivi hivi.

Halafu ikaja Dodoma, Januari 1984. Mzee Jumbe alikuwa amechoshwa na muundo wa Muungano. Akaandaliwa hoja ya kisheria ya kupeleka mahakama maalumu ya katiba, na ndani yake mlikuwa na madai ya serikali tatu. Karatasi hiyo ikamfikia Mwalimu Nyerere kabla haijafika mahakamani. Ilitokaje mezani kwa Rais? Kila baraza la kahawa lina jina lake, na mimi sitaongeza langu. Linalojulikana ni kwamba kikao cha Halmashauri Kuu kilimgeukia Jumbe, akajiuzulu vyeo vyote, urais wa Zanzibar, umakamu wa Rais wa Muungano na umakamu mwenyekiti wa chama. Na miongoni mwa Wazanzibari waliosimama dhidi yake alikuwamo Seif Sharif Hamad, yule aliyekuwa msaidizi wake.

Nimewasikia watu wakilisafisha jambo hili kwa maneno mengi. Mimi nalichukua lilivyo. Alikuwa na miaka 40, ana akili, ana uchu wa madaraka, na mfumo aliokulia ulikuwa ukiwalipa wanaosimama upande wa mshindi. Tarehe 6 Februari 1984 akaapishwa Waziri Kiongozi. Miongo mitatu baadaye alikuwa akizunguka visiwani akidai Zanzibar yenye mamlaka kamili, na aliyetaka kumkera ilimtosha kumtajia Jumbe.

Hata hivyo ile miaka minne ya Uwaziri Kiongozi ndiyo pekee aliyoshika usukani kweli, na aliutumia. Akiwa na Ali Hassan Mwinyi kama Rais wa Zanzibar, biashara ililegezwa. Wenye fedha zao nje wakaruhusiwa kuleta bidhaa, na wazee wetu waliozoea kupanga foleni ya mchele, sukari na sabuni wakaanza kuona maduka yana vitu. Ndiyo miaka ambayo Darajani ilianza kuwa Darajani hii tunayoijua. Katiba mpya ya Zanzibar ya 1984 nayo ikatoka na sura nzima ya haki za binadamu. Ukiulizwa kwa nini watu walimfuata mtu huyu robo karne bila ya yeye kuwapa cheo wala kazi, jibu moja limo humo. Walikuwa wameshamwona akifanya kazi.

Mwaka 1985 Mwinyi alipopelekwa Bara kumrithi Nyerere, jina la Seif lilikuwa miongoni mwa yaliyotarajiwa kwa urais wa Zanzibar. Chama kikamsimamisha Idris Abdul Wakil. Kwenye karatasi ya kura alikuwa peke yake, ndiyo au hapana, na hata hivyo "ndiyo" haikufika asilimia 60. Pemba ilikuwa imesema neno lake. Wakil hakulisahau, na wala wale waliokuwa na hofu na Seif hawakulisahau. Januari 1988 Rais alivunja Baraza la Mawaziri, Dk. Omar Ali Juma akachukua nafasi ya Waziri Kiongozi, na Mei mwaka huohuo Seif na wenzake sita wakafukuzwa CCM. Mwaka mmoja baadaye ndiyo yakaja yale ya nyaraka za siri.

Alipotoka hakwenda msituni wala uhamishoni. Alikwenda kuandikisha chama. Wenzake walikuwa na kamati ya mageuzi visiwani, KAMAHURU. Bara kulikuwa na Chama cha Wananchi cha James Mapalala. Wakaunganisha, na Mei 1992 ikazaliwa CUF. Sheria ilitaka chama kiwe cha pande zote mbili za Muungano, wakakifanya cha pande zote mbili. Ofisi Mtendeni, Unguja, ofisi Buguruni, Dar es Salaam. Yule mtumishi wa serikali aliyefukuzwa alikuwa akijenga serikali nyingine ya makaratasi, matawi, kadi, mihutasari, akiamini kwamba siku moja tume itahesabu kura na hesabu itakuwa hesabu.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 22 Oktoba 1995, siku aliyotimiza miaka 52. Zanzibar ilipiga kura ya vyama vingi ya kwanza tangu 1963. Matokeo yalichukua siku nne. Salmin Amour alitangazwa kwa kura 165,271 dhidi ya 163,706 za Seif, yaani tofauti ya kura 1,565. Waangalizi wa nje walisema wazi kwamba takwimu za vituoni na zilizotangazwa hazikuoana. Pemba majimbo yote 21 yalikwenda CUF. Unguja CUF ikapata matatu. CCM ikabaki na 26. Hakuna matokeo yaliyowahi kutugawa visiwa hivi kwa usafi kama yale. Mpaka leo nikikaa na mtu wa makamo kutoka Pemba, tukianza na bei ya karafuu au nauli ya boti, tutaishia na 1995.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu na sitaki kuirefusha. Watu wa CUF 18 walifunguliwa kesi ya uhaini na wakakaa ndani mpaka Novemba 2000. Jumuiya ya Madola ikasuluhisha, muafaka ukatiwa saini 1999, ukabaki kwenye jalada. Uchaguzi wa 2000 ukavurugika, majimbo 16 yakaitwa kurudia, CUF wakasusa, Amani Karume akaapishwa. Na ikaja Januari 2001.

Tarehe 26 na 27 mwezi huo CUF iliitisha maandamano ambayo serikali ilikuwa imeyapiga marufuku. Wete, Micheweni, Chake Chake, Mkoani, polisi walipiga risasi za moto. Human Rights Watch ilihesabu waliouawa wasiopungua 35 na majeruhi zaidi ya 600. Watu wapatao 2,000 walivuka kwa ngarawa na mashua kwenda Shimoni, Kenya. Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, ikawa imetoa wa kwake. Familia nyingi za kaskazini ya Pemba zina jina la mtu katika hesabu hiyo. Ya kwetu inalo, na sitalitaja hapa.

Ni hapo ambapo Maalim angeweza kuchagua njia nyingine. Walikuwapo vijana waliotaka hivyo, na sababu walikuwa nayo. Yeye alirudi mezani. Tarehe 10 Oktoba 2001, miezi tisa hata haijatimia, alitia saini Muafaka wa pili akiwa Katibu Mkuu wa CUF, na upande wa pili saini ya Philip Mangula wa CCM. Ami hakumsemesha mtu siku mbili. Karatasi nyingine! Na kwa kweli nayo haikutekelezwa yote. 2005 Karume akarudi kwa asilimia 53.2, Maalim 46.1, manung'uniko yaleyale, daftari la wapiga kura lilelile la kugombaniwa.

Kilichotokea Novemba 2009 kilimshitua kila mtu, CCM na CUF. Tarehe 5 Maalim aliingia Ikulu ya Zanzibar kuonana na Karume. Siku chache baadaye, Kibandamaiti, akawaambia watu wake kwamba sasa wanamtambua Karume kuwa Rais. Uwanja uliguna. Kumwona mtu yule, mbele ya watu walewale waliopigwa na kufungwa kwa ajili yake, akisimama kimya mpaka mguno uishe, kisha akaendelea na jambo lake la pili, kulinifundisha juu yake kuliko hotuba zake zote za kudai haki. Kiongozi wa upinzani hupendwa kwa kusema hapana. Yeye alikuwa anakuja kuomba ndiyo, na hana cha kuwaonyesha zaidi ya mazungumzo ya watu wawili.

Safari hii karatasi ilikwenda mbali zaidi ya jalada, na hapo ndipo naona alikuwa amejifunza. Muafaka wa vyama huvunjika vyama vikitaka. Maridhiano yalipelekwa kwa wananchi, kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, asilimia 66.4 wakakubali, na Katiba ya Zanzibar ikabadilishwa kwa mara ya kumi: chama cha pili kitatoa Makamu wa Kwanza wa Rais, na mawaziri watagawanywa kwa viti. Mafunzo yote ya ofisini kwa Jumbe yamo katika hatua ile. Mtu akitaka kuivunja, basi aivunje katiba hadharani.

Oktoba 2010 akashindwa tena, na Dk. Ali Mohamed Shein, asilimia 50.1 kwa 49.1. Kura 3,471. Usiku ule wa Bwawani, hoteli yalikotangaziwa matokeo, watu walikuwa wamesimama nje na redio ndogo masikioni, polisi wamejipanga, na kila mmoja wetu anajua yaliyopita. Maalim akakubali, akampa mkono Shein. Tukaenda kulala. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ambao asubuhi yake nilikwenda kununua mkate bila kuangalia nyuma.

Cheo alichopewa kilikuwa na ukubwa wa jina kuliko kazi. Ofisi ya Makamu wa Kwanza, Migombani, ilisimamia mazingira, UKIMWI, dawa za kulevya na watu wenye ulemavu. Mambo ya maana, sikatai. Lakini nusu ya nchi ilikuwa imempigia kura akaendeshe nchi, si akafungue semina za mikoko. Akazifungua. Akahutubia, akakata utepe, akaandika barua. CUF Unguja ikakua miaka ile, maana ofisa wa serikali aliyekuwa akiogopa kuonekana naye sasa alikuwa anamwita mheshimiwa kwa amri.

Kwa hiyo 2015 ilipofika watu waliamini. Tarehe 25 Oktoba kura zikapigwa kwa utulivu. Tarehe 26 Maalim akaita waandishi na kusema, kwa fomu za vituoni alizonazo, yeye ndiye anayeongoza. Alikuwa amewaweka mawakala kila kituo na kila wakala na fomu yake. Maandalizi ya mtu aliyekuwa ameshaibiwa karatasi. Tarehe 28, matokeo ya baadhi ya majimbo yakiwa yameshatangazwa, mwenyekiti wa tume Jecha Salim Jecha akajitokeza kwenye televisheni peke yake, akasoma tamko, akaufuta uchaguzi wote. Fomu zile zikawa hazina kazi. Uchaguzi wa marudio ukafanyika tarehe 20 Machi 2016, CUF haikushiriki, Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4.

Na hapa Pemba ilingoja amri. Wengi wetu tulidhani mara hii itatoka. Haikutoka. Alizunguka balozi za nje na makongamano akiwa na kabrasha lake, na huku nyumbani chama kikaanza kumponyoka: Profesa Ibrahim Lipumba, aliyejiuzulu uenyekiti Agosti 2015, akarudi mwaka uliofuata kuudai, Msajili akamtambua, na tarehe 18 Machi 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwa upande wake. Siku hiyohiyo Maalim akahamia chama cha ACT-Wazalendo. "Shusha tanga, pandisha tanga," likawa neno la mji mzima. Jaws Corner, baraza la kahawa na siasa la Mji Mkongwe, rangi zilibadilika haraka ajabu. Nilipita nikaona bendera ya zamani imeshakunjwa na mzee mmoja anabishana na fundi namna ya kuandika jina jipya ukutani. Umri wa miaka 75, chama alichokijenga miaka 27 kimekwenda, na yeye anaanza upya na kadi namba moja. Sijui mwanasiasa mwingine wa kwetu ambaye watu wangemfuata hivyo kwa mchana mmoja.

Uchaguzi wa 2020 ulikuwa mbaya kuliko wa kugombaniwa. Pemba watu walikufa kwa risasi kabla kura hazijapigwa. Maalim alikamatwa siku ya kura ya mapema alipokwenda kupiga yake Garagara, akaachiwa, akakamatwa tena. Alitangaziwa asilimia 19.87 dhidi ya 76.27 za Dk. Hussein Mwinyi, mtoto wa yule Mwinyi aliyefanya naye kazi 1984. Mtu ambaye miaka kumi nyuma alikuwa amepata asilimia 49.1.

Kisha Desemba akakubali kuingia serikalini. Tarehe 8 akaapishwa Makamu wa Kwanza kwa mara nyingine. Watu walisema mengi, tena makali, na ami alisema makali kuliko wote: "Tumezika juzi, leo anakula kiapo." Hoja yake ilikuwa na nguvu na sikuwa na la kumjibu, ila moja. Ibara ile ya umoja wa kitaifa iliandikwa kwa jasho lake, na isipotumika ingefutwa. Mwaka 2016 ilikaa bila ya kutumika, na tuliona jinsi wengine walivyoanza kuizoea hali hiyo. Mzee wa miaka 77 aliamua kukikalia kiti ili kisiondolewe. Unaweza kuliita hilo uchovu. Mimi naliona ni hesabu, hesabu kavu, ya mtu asiyetegemea kufaidi majibu yake.

Hakufaidi. Tarehe 31 Januari 2021 chama chake kilitoa taarifa kwamba Maalim, mkewe na baadhi ya wasaidizi wake wameambukizwa korona. Yafaa kukumbuka hali ya wakati ule: Tanzania ilikuwa imeacha kutoa takwimu za ugonjwa huo tangu katikati ya 2020, wakubwa walikuwa wakifa kwa "changamoto ya upumuaji", na kulitaja jina lenyewe lilikuwa jambo la kuviziwa. Kwake yeye likatolewa kwa maandishi, na jina la chama juu yake. Alifariki Muhimbili tarehe 17 Februari, siku 71 baada ya kiapo. Rais Mwinyi ndiye aliyetangaza. Kesho yake akazikwa Nyali, Mtambwe, na njia za kwenda huko, ambazo siku za kawaida gari mbili zikikutana moja lazima ingoje, zilijaa watu wa kofia za rangi zote, na CCM wamo.

Ami alikwenda. Aliporudi hakusema kitu juu ya siasa, alilalamikia barabara.

Machi, Rais akamteua Othman Masoud Othman kushika nafasi iliyoachwa. Ni mwanasheria, na alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar mpaka Oktoba 2014, alipoondolewa baada ya kupiga kura ya hapana kwenye baadhi ya ibara za katiba iliyopendekezwa, pale Bunge Maalumu la Dodoma. Chama kilipeleka jina kwa barua, Ikulu ikajibu kwa barua, kiti hakikukaa wazi hata mwezi mmoja.